Friji la gesi, friji la kompresa au deli la barafu: lipi ubebe ukitoka Dar kwenda kupiga kambi?

Ukitoka Dar Ijumaa jioni ukarudi Jumapili, friji la gesi hulihitaji. Heri hili lisemwe mapema, kwa sababu wengi wanaoliulizia madukani ni watu wa kulala siku moja au mbili Kigamboni, Bagamoyo au Saadani, na kwa safari hiyo deli zuri lenye barafu linatosha kabisa, tena kwa pesa ndogo. Friji la gesi lina watu wake: wale wanaotua sehemu moja pasipo umeme, wakakaa siku nne, wiki au zaidi, bila kuhamahama. Anayevunja kambi kila asubuhi na kulala kwingine anahitaji friji la kompresa linalotumia betri. Hapa tunayapima yote matatu kwa joto la Pwani, si kwa joto la nchi yalikotengenezwa, maana hapo ndipo maneno ya kwenye boksi na hali halisi yanapoachana.

Kuna na la nne, vile visanduku vyepesi vyenye feni vinavyochomekwa kwenye soketi ya sigara ya gari. Vinashusha joto nyuzi 15 hadi 20 tu chini ya joto la nje. Nje kukiwa nyuzi 33, ndani utapata 13 kwa bahati nzuri, na 18 kwa kawaida. Soda itanyweka. Nyama na maziwa vitaharibika, na bado kisanduku kitakuwa kimekula wati 45 hadi 50 bila kupumzika. Hivyo tuviache.

Kwa haraka

| | Deli na barafu | Friji la gesi (lita 30–40) | Friji la kompresa (lita 40) |
|---|---|---|---|
| Ndani, nje kukiwa nyuzi 33 | 0 hadi 8, mpaka barafu iishe | 3 hadi 8 kivulini; zaidi ya 12 ndani ya gari la moto | utakavyo, hata −18 |
| Muda wa kupoa likiwa tupu | papo hapo | saa 12 hadi 24 | saa 1 hadi 2 |
| Linachokula | kilo 10–12 za barafu kwa siku 2–3 | gramu 10–15 za gesi kwa saa | Ah (ampia-saa) 30–45 za betri ya volti 12 kwa siku |
| Likilala upande | haijalishi | mwinamo wa nyuzi 2–3, basi | mwinamo hadi nyuzi 30 hivi |
| Kelele | hakuna | hakuna | mngurumo mdogo |
| Kinachokukwamisha | barafu ya kuongeza | ardhi isiyo tambarare, upepo, joto | betri |

Kwa nini friji la gesi lina masharti mengi

Halina mota, halina kompresa, halina kitu chochote kinachozunguka. Ndani ya mabomba ya chuma yaliyofungwa kiwandani mna amonia, maji na hidrojeni. Moto mdogo unachemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Mvuke wa amonia unapanda, unapoa kwenye mapezi ya nyuma na kuwa kimiminika, kisha unateremka kwenye kuta za ndani. Huko unakutana na hidrojeni na kugeuka mvuke tena, na ili ugeuke mvuke lazima unyonye joto la chakula chako. Baada ya hapo maji yanaimeza amonia na safari inaanza upya. Mbinu hii ilibuniwa Sweden mwaka 1922 na Baltzar von Platen na Carl Munters, wakiwa bado wanafunzi wa uhandisi, na hadi leo msingi wake ni uleule.

Kila kitu ndani ya mabomba hayo kinasogea kwa kupanda kwa mvuke na kuteremka kwa kimiminika. Ukilaza friji upande, amonia inatuama pasipotakiwa, chemba ya kuchemshia inakauka, na moto unaendelea kuichoma ikiwa kavu. Dawa ya kuzuia kutu iliyochanganywa humo inaganda na kuziba njia. Ikishaziba ndiyo imetoka, hakuna wa kuizibua kwa uhakika.

Jambo la pili ni joto la nje. Friji hili halijui nyuzi 5 ni nini, linachojua ni kushuka nyuzi 25 hadi 30 kutoka pale lilipo. Kivulini pwani mwezi wa Februari, saa nane mchana, nyuzi 33 zinakuwa 3 au 8, na hiyo ni salama. Liweke ndani ya gari lililofungwa au kwenye hema lililopigwa jua, ambako kunafika 42 kirahisi, na ndani utapata 12 hadi 17. Samaki wa Feri hatoboi siku hapo. Ndiyo maana kabla ya kununua unaangalia kibandiko cha nyuma: herufi za daraja la hali ya hewa. N ni kwa mazingira hadi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Ukiishi Dar chukua T, au ST ukikosa kabisa. Lenye N peke yake ni la watu wa baridi.

La tatu ni nguvu, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukata tamaa. Friji la gesi la kubeba linaondoa joto kwa kiasi cha wati 20 hadi 30. Chukua chupa 12 za maji za lita 1.5, zikiwa na joto la nyumbani la nyuzi 30, uzitie humo ukitaka zifike 5. Joto linalotakiwa kutolewa kwenye lita hizo 18 ni takriban kilojuli 1,880. Kwa wati 25 hiyo ni kazi ya saa 21, hata kabla hujahesabu joto linaloingia kupitia kuta na kila unapofungua mfuniko. Friji la kompresa, linalotoa wati 60 hivi za ubaridi, litazimaliza chupa hizohizo kwa saa 9. Barafu ingezipoza ndani ya saa chache, ila ingeyeyuka kilo 5 na nusu.

Kwa hiyo usilitegemee friji la gesi likupozee vitu. Kazi yake ni kutunza ubaridi uliokwisha kuupata kwingine, na wanaolitumia hivyo hulisifu.

Deli: hesabu ya barafu

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya kilojuli 334. Chupa nane za lita 1.5 ulizogandisha nyumbani ni kilo 12 za barafu, sawa na wati-saa 1,100 hivi za ubaridi. Deli nzuri lenye kuta nene, la lita 40, likiwa kivulini linaingiza joto la wati 12 hivi. La bei rahisi, lenye kuta nyembamba, ni wati 20 au zaidi. Kwenye karatasi, la kwanza linakwenda karibu siku nne na la pili siku mbili na kidogo. Toa theluthi moja kwa kufunguafungua, hasa kama kuna watoto.

Chupa zilizogandishwa ni bora kuliko barafu ya kumwaga, kwa sababu zikiyeyuka unakunywa maji yake na nyama haiogelei. Usizijaze hadi mdomoni, acha vidole viwili vya nafasi, na zipe friza la nyumbani siku mbili ziive hadi katikati. Ukinunua bonge la barafu Feri au kwa wauza samaki, tumia kwa kupoza tu. Usilitie kwenye glasi, maji yaliyogandishwa huyajui. Bonge moja kubwa hudumu kuliko uzito uleule uliopondwa, kwa sababu sehemu inayoguswa na joto ni ndogo.

Kosa linalomaliza barafu za watu ni kupakia vinywaji vya moto asubuhi ya safari. Ile hesabu ya chupa 12 hapo juu inamaanisha nusu ya barafu yako imeisha hujafika Kibaha, na foleni ya Kimara bado hujaihesabu. Vinywaji vilale kwenye friji la nyumbani usiku mzima. Nyama igande kabisa, ifungwe kwenye vyombo vyenye mfuniko, ikae chini juu ya barafu. Kama unaweza, beba madeli mawili: la vinywaji lifunguliwe kila dakika, la chakula lifunguliwe mara mbili kwa siku.

Mpaka wa deli ni pale unapokosa pa kuongeza barafu. Kigamboni na Bagamoyo hilo si tatizo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, siku ya nne, ni tatizo.

Friji la kompresa: hesabu ya betri

Hili ni friji kamili lililofanywa dogo. Linafika nyuzi unazolitajia, linagandisha, halijali kuegama njiani, na joto la gari haliliangushi, ila litafanya kazi muda mrefu zaidi. Likiwashwa linavuta wati 45 hadi 60, kisha linapumzika. Kwa joto letu, likiwekwa nyuzi 4, wastani ni Ah 1.2 hadi 1.8 kwa saa, yaani Ah 30 hadi 45 kwa siku.

Betri ya gari ya Ah 70 haikutengenezwa kunyonywa mpaka chini. Ukitaka gari liwake asubuhi, usitoe zaidi ya theluthi yake. Hiyo ni Ah 23, usiku mmoja tu. Kwa kukaa zaidi unahitaji betri ya pili. Betri ya lithiamu ya Ah 100 inalibeba friji hili siku mbili hadi tatu bila kuchajiwa, na ukiongeza paneli ya sola ya wati 150, kwa saa tano za jua kali na upotevu wa robo hivi, unarudisha karibu wati-saa 560 kwa siku, ambazo ndizo linazokula. Mvua za masika hesabu hiyo haina maana.

Kinachoyasumbua mafriji haya ni nyaya. Soketi ya sigara iliyo nyuma ya gari mara nyingi imevutwa kwa waya mwembamba. Waya wa milimita mraba 1 kwa umbali wa mita tano, kwenda na kurudi mita kumi, unapoteza karibu volti 0.9 kwa mzigo wa ampia 5. Betri ina 12.3, friji linaona 11.4, linadhani betri imekwisha, linajizima. Watu hupeleka friji kwa fundi, kumbe tatizo liko kwenye waya. Vuta waya wa milimita mraba 6 moja kwa moja kutoka betri hadi buti, fyuzi ya ampia 15 ikae karibu kabisa na betri, na mwishoni tumia plagi inayojifunga, si ile ya sigara inayochomoka gari likipita kwenye matuta.

Mengi yana ngazi tatu za kulinda betri. Ukitumia betri inayowasha gari, weka ngazi ya juu kabisa. Ukitumia betri ya pembeni, weka ya chini.

Friji la gesi: kulinunua

Mengi hutumia vyanzo vitatu: gesi, umeme wa nyumbani wa volti 230, na volti 12 ya gari. Ujue kabisa kwamba volti 12 ni kwa ajili ya njiani tu. Linavuta wati 75 hadi 85 mfululizo, karibu ampia 7, na mengi yakiwa kwenye volti 12 hayana kidhibiti joto, hayapumziki. Ukisimama Chalinze kula kwa saa nzima, linakula Ah 7, si neno. Ukilisahau usiku kucha, asubuhi gari haliwaki.

Upande wa gesi, angalia kibandiko kinataka presha gani: milibari 28–30 au 50. Regulata ya kawaida ya jiko la nyumbani hutoa kama 28 hadi 30. Friji la 50 ukiliwekea regulata ya 30, moto unakuwa dhaifu na halipoi. La 30 ukiliwekea ya 50, moto ni mkubwa, masizi yanajaa bombani. Zile regulata za presha kubwa zenye kitasa cha kuongeza na kupunguza, wanazotumia mama lishe kwa majiko makubwa, usizikaribishe kabisa hapa.

Mtungi wa kilo 6 ndio unaofaa. Kwa gramu 12 kwa saa unakwenda saa 500, karibu siku 20. Hata kwa gramu 15 unapata zaidi ya wiki mbili. Vikopo vidogo vya gramu 230 vya majiko ya safari havifiki hata siku moja. Tatizo la mtungi wa kilo 6 ni kwamba mingi huja na jiko linalofungwa moja kwa moja juu yake, bila regulata ya presha ndogo katikati. Friji haliunganishwi hivyo. Unahitaji regulata inayoingia kwenye valvu ya mtungi huo hasa, na valvu hazifanani, kwa hiyo nenda dukani na mtungi mkononi, uijaribishie palepale.

Angalia na mdomo wa gesi wa friji. Ukiwa na mikunjo ya kushikia mpira, vizuri. Ukiwa bomba laini lisilo na mikunjo, usibane mpira juu yake kwa klipu, utateleza siku moja. Fundi wa gesi akufungie kiungo chenye mikunjo. Mpira uwe ule wa gesi wenye tarehe, usizidi mita moja na nusu, na klipu ziwe za kukaza kwa bisibisi, pande zote mbili. Waya wa kuzungushia si klipu.

Kwa la mtumba, sharti ni moja: liwashwe kwa umeme dukani asubuhi, urudi jioni na kipimajoto. Kabla ya hapo chungulia nyuma. Unga wa njano kwenye mabomba ni ile dawa ya kutu iliyovuja, nayo ni sumu, usiiguse. Harufu kali inayochoma pua ni amonia. Chochote kati ya hivyo kikiwapo, ondoka. Na fundi atakayekuambia atalijaza gesi kama anavyojaza mafriji ya kawaida hajawahi kulishughulikia. Mfumo huu haujazwi mtaani.

Kulitumia bila kuliua

Saa 24 kabla ya safari, lichomeke kwenye umeme wa nyumbani likiwa tupu, au likiwa na chupa mbili tu za maji baridi. Gharama yake ni uniti mbili hivi za LUKU. Saa ya kupakia, tia vilivyopoa na vilivyoganda tu, usijaze zaidi ya theluthi mbili, hewa ipite. Ongeza chupa mbili za lita 1.5 zilizoganda. Kila moja ina wati-saa 139 za ubaridi, sawa na kazi ya friji hilo kwa saa tano na zaidi, na ndizo zitakazokuvusha njiani.

Gari likitembea, gesi imefungwa mtungini na friji liko kwenye volti 12. Hakuna moto kwenye gari linalotembea, kwenye kituo cha mafuta, wala kwenye kivuko cha Magogoni. Usiwashe vyanzo viwili kwa pamoja, maana chemba inachemka kupita kiasi.

Ukifika kambini, kazi ya kwanza ni mahali pa kuliweka. Nje, chini ya kivuli cha mti au turubai lililo wazi pembeni, mita mbili au zaidi kutoka kwenye hema. Kamwe si ndani ya hema, chumbani au ndani ya gari. Moto huo mdogo unatoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu, na watu hufa nayo usingizini. Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini na kutuama kwenye mashimo na mabuti ya magari, ikingoja cheche.

Chini ya friji weka ubao mpana, hasa ufukweni, kwa sababu mchanga unashuka upande mmoja usiku na asubuhi unakuta limeinama. Chukua pimamaji ya fundi ujenzi, ilaze kwenye sakafu ya ndani, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Kwa friji la sentimita 50, upande mmoja ukizidi mwingine kwa sentimita 2 tayari uko ukingoni. Simu yenye programu ya kupima usawa inafaa pia. Nyuma acha nafasi ya angalau sentimita 15 hewa ipande kwenye mapezi, na usilifunike kwa blanketi kwa kudhani unalikinga na joto.

Upepo ni adui wa moto. Novemba hadi Machi kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, na ufuo wa Kigamboni umeielekea. Geuza upande wa kichomeo uangalie nchi kavu. Msimu wa kusi upepo unatoka kusini, geuza upya. Ukihitaji kikinga upepo, kiwe umbali wa nusu mita.

Kuwasha: funga regulata, fungua mtungi, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo na tazama mapovu yanayokua. Kiberiti hakitafuti uvujaji. Pakiwa salama, geuza kitasa cha gesi hadi juu kabisa, kikandamize, bonyeza kiwashio mara kadhaa. Mara ya kwanza mpira una hewa, subiri hata dakika nzima. Ukiona moto kupitia kidirisha, endelea kukandamiza sekunde 20 hadi 30, kisha achia taratibu. Moto sahihi ni mdogo, wa bluu, umetulia. Wacha juu kabisa mpaka kipimajoto cha ndani kisome 5 au chini, ndipo upunguze. Usiku wa Dar unashuka hadi 25 hivi, kwa hiyo jioni ukipunguza kidogo unazuia mboga kuganda. Ukibeba insulini au dawa inayotakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8 bila kuganda, usitegemee friji hili bila kipimajoto, na usiiegemeze dawa kwenye ukuta unaopoza.

Unyevu wa pwani unatengeneza barafu kwenye kuta za ndani upesi. Ikizidi milimita 3 inageuka kizuizi. Zima, yeyusha, pangusa, washa tena. Usikwangue kwa kisu.

Wa kwenda milimani waongeze jambo moja. Kuanzia mita 1,000 kwenda juu moto huanza kusumbua kwa uchache wa oksijeni: Lushoto iko kama mita 1,400, ukingo wa Ngorongoro kama 2,300. Huko unaweza kuwasha mara kumi. Afadhali hewa yenyewe ni baridi, friji halina kazi kubwa.

Likigoma

Moto unawaka vizuri, ukiachia kitasa unazima. Hiyo ni themokapo, ile ncha ya chuma inayopigwa na moto na kushikilia valvu wazi. Ina masizi, imelegea, au haiko ndani ya moto. Ipanguse, ikaze kwa mkono na robo mzunguko wa spana. Ikikataa, ibadilishe, ni kipuri cha bei ndogo.

Moto wa njano na masizi: presha si yake, au jeti (kile kipande chenye tundu dogo la kutolea gesi) imeziba nusu, au bomba la moshi limejaa. Gesi ikiwa imefungwa na friji limepoa, fungua kichomeo, toa jeti, iloweke kwenye spiriti nusu saa, ipulize. Usiichokonoe kwa sindano. Tundu hilo ni jembamba sana, na likipanuka kidogo tu moto unakuwa mkubwa milele. Bomba la moshi lipigwe brashi kutoka juu, kichomeo kikiwa kimetolewa, kwa sababu kutu na masizi huangukia hukohuko kwenye jeti.

Moto ni bluu, nyuma pana joto, ndani hakupoi. Kwanza pimamaji. Kisha nafasi ya nyuma. Kisha lipeleke kwenye umeme wa nyumbani kwa saa 12. Likipoa kwa umeme na halipoi kwa gesi, ugonjwa uko kwenye kichomeo au presha. Likikataa kote, ni mabomba. Hapo imebaki moja: lizime, lipoe, ligeuze kichwa chini kwa saa chache, lirudishe wima, lipumzike siku nzima, jaribu tena. Mara nyingine kimiminika kilichokwama kinarudi njiani na friji linaamka. Lisipoamka, limekwisha.

Kuchagua

Siku moja hadi tatu, barafu iko karibu: deli, na pesa iliyobaki inunue lenye kuta nene. Familia inayokaa wiki nzima kwenye kambi moja, wavuvi wa kambi za visiwani, watafiti wa porini waliotulia sehemu moja: friji la gesi, na deli la vinywaji pembeni ili friji lisifunguliwe ovyo. Mzunguko wa Mikumi, Udzungwa, Ruaha, kila usiku mahali pake: kompresa, kwa sababu gari linalotembea saa tano linachaji betri bure, na kusawazisha friji la gesi kila jioni gizani utalichoka siku ya pili. Mwenye gari lililokwisha kufungwa betri ya pili na sola hana sababu ya kufikiria gesi.

Ukirudi nyumbani lisafishe kwa maji ya magadi, likauke, mfuniko ubaki wazi kwa kipande cha mti, la sivyo ukungu utaota ndani ya wiki. Mdomo wa gesi uzibe kwa kitambaa, na nyuma funika kwa shuka jepesi. Buibui wadogo hupenda kutaga ndani ya kichomeo, na utando mmoja unatosha kuziba moto. Siku mbili kabla ya safari inayofuata, lipulize kwa pampu ya baiskeli na uliwashe uani kwa gesi, muda wa kutafuta fundi ukiwa bado upo.